Maji Mdomoni: Namna Ninavyowafunza Walezi wa Skauti Mpanda

Mzee alimnyang'anya mtoto kamba.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya 2 ya mafunzo ya walezi wa skauti hapa Mpanda, na mvua ya alfajiri ilikuwa imeugeuza uwanja wa shule kuwa tope tupu. Binti wa miaka 12, kiongozi wa patroli yake, yaani kikundi kidogo cha skauti, alikuwa amepiga magoti akifunga miti 3 ili aning'inize sufuria juu ya moto. Kamba ikateleza. Akaifungua, akaanza upya, ikateleza tena. Pembeni walisimama watu wazima 18 waliokuja kujifunza ulezi. Mmoja wao, mzee aliyepitia mgambo, mtu mwema ambaye kijijini kwao huwanunulia madaftari watoto wasiokuwa wake, akainama na kusema, "Lete hapa mjukuu wangu, siyo hivyo." Dakika 2 hazikupita, miti ikasimama imara. Binti naye akasimama, mikono nyuma, kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Wenzake wakampigia mzee makofi. Hapo ndipo nilipoumia, kwa sababu niliona wazi kwamba siku nzima ya kwanza niliyosimama mbele yao na chaki haikuwa imewaingia hata kidogo.

Wapo wanaoniuliza, kutoka Inyonga, Karema na hata Sumbawanga, namna ya kuandaa mafunzo ya watu wanaojitolea kulea skauti. Niliahidi kuwaandikia hatua 5. Hizi hapa.

Hatua ya kwanza ni watu. Barua kwa mkuu wa shule, taarifa kwa kamishna wa skauti, ruhusa za wazazi, sanduku la huduma ya kwanza: hayo mnayajua. Ninalotaka kulisema ni moja. Msiniletee orodha ya watu walioteuliwa kwa sababu vipindi vyao ni vichache. Nileteeni mtu ambaye watoto tayari wanamfuata. Katika mafunzo yale aliyenifurahisha kuliko wote hakuwa mwalimu kabisa. Alikuwa mama muuza maharage kutoka Katumba, makazi yaliyoanzishwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya 1972, ambako leo wengi ni raia wenzetu. Alikuja na mkeka wake na mtoto mgongoni, na kila jioni watoto wa shule walimzunguka bila kuitwa.

Na kabla ya yote, usalama wa mtoto. Mtu mzima hakai peke yake na mtoto mahali pasipoonekana, mahema na vyoo vinatenganishwa, na anayejitolea anaulizwa kule anakotoka. Tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na ninasoma vifungu vyake siku ya kwanza kabla ya chai. Mwaka fulani mshiriki mmoja alinung'unika kwamba tunamshuku. Nilimrudishia nauli yake, akaondoka, na ningefanya hivyo hivyo kesho.

Hatua ya pili ni kamba, na hapa nina la moyoni.

Kamba zile zilizomtesa binti nilizinunua mimi. Muuzaji mmoja wa Dar es Salaam alinihakikishia kwa simu kwamba ndizo "kamba za skauti", akanitumia picha nzuri, nikalipa, zikapandishwa basi. Mzigo ulipofika stendi nikafungua: manila ya plastiki, ya bluu, inayong'aa, nyembamba, laini kama utelezi wa bamia. Fundo ukilikaza, linajifungua huku unaliangalia. Nilimpigia, akaniambia hiyo ndiyo ya kisasa. Fedha zenyewe zilikuwa za michango, elfu mbili mbili za walimu ambao mshahara wao naujua. Sijamsamehe.

Nunueni kamba ya katani. Nchi hii imelima mkonge tangu 1893, Tanga wanausokota mpaka leo, halafu sisi tunawapa watoto plastiki! Katani inashika. Ikilowa inavimba na fundo linajikaza zaidi, kwa hiyo wafundisheni watoto kulegeza mafundo kabla mvua haijaanza. Ikiwa mpya inachoma vidole. Iloweke usiku mmoja, isugue na gunia, itatulia. Kila mshiriki apewe mita 2 zake, azungushie ncha uzi zisifumuke, alale nayo, arudi nayo.

Jumamosi ile jioni mrina asali kutoka Inyonga, naye mshiriki, alitutoa aibuni. Alichukua tawi lililoangushwa na upepo, akabandua gome, akalichana, akasokota kamba ambayo hakuna mtu aliyeweza kuikata kwa mikono. Ndivyo wazee wa huko wanavyofunga mizinga yao. Nilimwomba awafundishe watoto, kwa sharti kwamba mti uliosimama haubanduliwi.

Sasa nirudi kwa mzee na binti, maana hapo ndipo penye hatua ya tatu.

Ni lazima uelewe skauti wanavyoonekana kwetu. Mtu wa Katavi humwona skauti siku ya Mwenge wa Uhuru au kiongozi anapokuja ziara: mtoto msafi, kaki imenyooka, anapiga hatua, anamvika mgeni rasmi skafu, anarudi nyuma. Mtu anayejitolea kuwa mlezi anakuja akidhani kazi yake ni gwaride. Miaka michache nyuma nilitoa mafunzo ya namna hiyo mwenyewe, yenye vyeti na picha ya pamoja. Muhula mmoja baadaye nikazunguka shule nilikotoa vyeti. Nilikuta skafu zimefungiwa kabatini zikingoja mgeni.

Nimesoma, nimetafakari, na nimefika mahali pamoja. Kambi ya kwanza ya Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, kisiwani Brownsea huko Uingereza, Agosti 1907, ilikuwa na wavulana 20 hivi waliogawanywa katika patroli 4, kila patroli na mvulana wao wa kuwaongoza. Na mafunzo ya watu wazima yalipoanza Gilwell, huko huko Uingereza, mwaka 1919, hawakukalishwa kwenye madawati tu. Nao waliwekwa katika patroli, wakapika, wakalala mahemani. Baden-Powell mwenyewe amezikwa hapa jirani, Nyeri nchini Kenya, alikofariki Januari 1941. Ukimwondoa kiongozi wa patroli, yule mtoto mmoja anayewaongoza wenzake 6 au 7, skauti inabaki sare tu. Na anayemwondoa mara nyingi ni mlezi mwenye nia njema, anayesema "lete hapa".

Nilijaribu kuwaeleza. Wote waliitikia kwa kichwa. Saa moja baadaye, kwenye kukata mboga, "lete hapa" tatu.

Usiku sikulala. Nilikumbuka bibi yangu wa Usevya, ambaye wajukuu walipokuwa wakisonga ugali kwa mara ya kwanza alikuwa akibugia maji na kukaa nayo mdomoni. Tulidhani ni jino. Nilipokuwa mtu mzima ndipo aliponiambia: "Nilikuwa najizuia nisiwaharibie."

Asubuhi nilimwomba binti na patroli yake warudie kazi ya jana, kwa katani mbovu mbovu tuliyoazima kwa wenye mbuzi. Niliwapa moto, unga, sufuria, miti 3. Watu wazima wote 18 nikawapanga hatua 10 kutoka motoni, kila mmoja na kikombe. Funda moja la maji, likae mdomoni. Haliruhusiwi kutemwa ili kusema, isipokuwa kuna hatari ya kweli: nguo karibu na moto, kisu kikielekea mkono wa mwenzake, nyoka. Nilikaa na daftari, nikaandika kila aliyetema, dakika aliyotema, na neno lililomtoka.

Watu 11 walitema kabla ya dakika 3. Mzee wetu alitema mara 4. Nilipowasomea daftari baadaye, maneno yalikuwa karibu yale yale: "siyo hivyo", "subiri", "lete", "angalia mimi". Hatari haikuwamo hata moja.

Lakini hebu niwaambie kilichotokea baada ya hapo, walipoanza kuzoea. Watoto waliangusha miti mara 2. Mvulana mdogo kuliko wote, ambaye siku ya kwanza hatukuisikia sauti yake, akasema miguu ya miti imekaa karibu mno. Binti akamsikiliza. Wakaipanua. Fundo likashika. Sufuria ilipotulia juu ya moto, watoto wakatugeukia kuona tumeonaje, na wakakuta watu wazima 18 mashavu yamevimba, wengine machozi yanawalenga. Mama wa Katumba alikuwa na funda lile lile tangu mwanzo. Hakulitema mpaka ugali ulipoiva.

Tangu siku hiyo nimelifanya zoezi hili mara nyingi, na haya ndiyo niliyoyapata. Funda liwe dogo, nusu ya mdomo. Likijaa mtu anapaliwa. Maji yawe ya kuchemsha, kwa sababu mwishowe wengi wanayameza. Badilisha kila baada ya dakika 10. Mwenye kikohozi au mafua makali usimwekee maji kabisa. Mwezi wa Ramadhani, waliofunga wanashika unyasi mmoja kati ya midomo, na ukidondoka umehesabiwa. Watoto waambiwe mapema zoezi ni la walezi, wasije wakadhani wamesusiwa. Na daftari lisomwe siku ile ile, kwa upole, bila kutaja majina. Kila mtu atalitambua neno lake. Kisha rudia bila maji. Hapo ndipo utaona kazi imeingia: mdomo unafunguka, unafungwa wenyewe.

Mwalimu mmoja alinipinga vikali. Alisema mtoto wa Kiafrika hufundishwa kwa kuelekezwa, na kwamba mtu mzima kukaa kimya ni kutelekeza. Namheshimu, na nilimjibu kama nitakavyowajibu wengine. Mtoto wa Kisukuma wa miaka 10 anatoka alfajiri na ng'ombe, anawavusha mto, anawarudisha jioni wakiwa kamili. Nani yuko naye huko akimwambia "siyo hivyo"? Ameelekezwa vizuri kabla, kisha ameaminiwa. Mlezi naye aelekeze kabla. Kazi ikianza, iwe ya watoto.

Hatua ya nne nilikusudia iwe moto wa kambi. Huko Gilwell mafunzo ya kwanza yalifunguliwa kwa baragumu la pembe ya tandala, na kila mwaka mshiriki mmoja huniuliza kwa nini nasi tusiwe nayo, ilhali tandala wamo kwenye miombo yetu. Jibu langu huwa refu kwa makusudi. Tunaishi mlangoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na chini ya sheria ya wanyamapori ya 2009 pembe isiyo na kibali ni nyara ya serikali. Mlezi atakayepuliza pembe ya magendo mbele ya watoto amewafundisha jambo ambalo nyimbo 100 haziwezi kulifuta. Tunapiga ngoma. Usiku wa siku ile ya maji mrina asali alipiga, mama wa Katumba akaimba kwa Kirundi, na binti yetu akasimama mbele ya watu wazima wote akawaeleza alivyolifunga lile fundo. Mzee alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kuuliza swali. Alimwita "kiongozi".

Ya tano ni kufuatilia: mtembelee kila mlezi ndani ya miezi 3, bila kumpa taarifa, usimvalie sare.

Kwa mzee nilifika mwezi wa 2 baada ya mafunzo, nikiwa nimesukuma pikipiki kwenye tope la njia ya Mwamkulu. Watoto wake walikuwa wanasimamisha mlingoti wa bendera. Yeye alikuwa chini ya mwembe, mbali kidogo, na chupa ya maji pembeni yake. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee." Akainua mkono tu, mashavu yamejaa.

Mtoto mmoja akanisogelea, akanong'ona, "Mzee akinywa maji, ujue ni zamu yetu."

Mlingoti ulisimama. Ulikuwa umeinama upande wa barabara, kamba ya juu imepita vibaya, na nilikuwa nimeshapiga hatua 2 kuuelekea, mkono mbele, niunyooshe. Mzee akanishika kiwiko. Akanipa chupa.