Nakatwa dhamana kwa ubovu nilioukuta

Swali: Nimehama nyumba niliyopanga Lushoto. Mwenye nyumba amekata dhamana yangu, eti dari na ukuta vimeharibiwa na maji. Madoa hayo niliyakuta. Nifanyeje?

Jibu: Usikubali haraka. Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtaka mpangaji arudishe nyumba katika hali aliyoipokea, ukiondoa uchakavu wa kawaida. Ubovu uliokutangulia si deni lako. Tena, anayedai ndiye anayethibitisha.

Usambara kuna mvua za masika na za vuli, hivyo bati bovu huvujisha msimu hadi msimu. Mwite fundi akague paa na aandike chanzo cha maji. Kusanya mkataba, risiti, picha na ujumbe wa simu wa siku ulizohamia. Aliyepanga kabla yako ni shahidi mzuri. Kisha mwandikie mwenye nyumba barua, udai mchanganuo wa makato, ubaki na nakala.

Akikataa, nenda Baraza la Kata. Tangu 2021 haliamui migogoro ya ardhi, hupatanisha tu. Likishindwa ndani ya siku 30, peleka shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Ukipanga tena, kagueni nyumba pamoja, mwandike kasoro zote na msaini kabla hujatoa pesa.