Vyeti Nimeviona, Wasomaji Wako Wapi?

Wadogo zangu, barua zenu Yaya wenu anazisoma zote.

Ya leo imetoka kwa mdogo wetu wa Dilala, hapa hapa Kolwezi. Anafundisha Kifaransa sekondari. Siku moja prefe, yaani mkuu wa shule, alimkabidhi ufunguo wa chumba chenye makabati mawili, akamwambia kuanzia sasa wewe ndiye wa maktaba. Basi. Hakuna mafunzo, hakuna barua ya kumteua, na kule Dinacope, ofisi ya malipo ya walimu (wengine bado tunaiita Secope), jina lake halijaingia kwenye malipo. Ni N.U. (nouvelle unité), mwalimu ambaye Serikali bado haimlipi, anaishi kwa prime ya wazazi. Sasa amesikia kuna shule inayosaidiwa na kampuni ya mgodi inatafuta mtunza maktaba, na wanataka kila mwombaji alete jalada la kazi zake. Anauliza: “Yaya, nitaweka nini humo? Nina diploma ya Serikali na graduat, basi.”

Hapo kwenye “basi” ndipo ninapotaka tuongee.

Nimeona mafarde mengi ya watu wanaotafuta kazi. Yamenona. Fungua: fotokopi ya diploma, fotokopi ya fotokopi, cheti cha semina ya siku mbili, cheti cha kipaimara pia kimo, kila karatasi na muhuri wake wa komini. Anayesoma anafika ukurasa wa mwisho na bado hajui jambo moja tu analolitafuta: tangu mtu huyu akabidhiwe ufunguo, watoto wanasoma zaidi au chumba kimebaki kimefungwa? Vyeti viweke, lakini viende nyuma kabisa. Mbele iwe kazi.

Na kazi yako, mdogo wangu, imeshaandikwa. Iko ndani ya lile daftari la kuazimisha vitabu. Kama huna daftari, lianze Jumatatu, usingoje msaada wa mtu: tarehe, darasa, kitabu, siku ya kurudisha, hali ya kitabu kiliporudi. Halafu chukua ukurasa mmoja, usichukue daftari zima, uueleze. Tuseme ukurasa wa mwezi wa kumi unaonyesha vitabu vya hadithi havitoki, ila kile kimoja cha umeme kimeazimwa mfululizo na wanafunzi wa darasa moja, na kila mara kimerudi na ukurasa ule ule umechafuka kwa vidole. Ni ukurasa wa mchoro wa nyaya za nyumba. Wewe ukauliza, ukakuta vijana wanasaidia mafundi mtaani baada ya masomo. Ukamwomba mwalimu wa teknolojia vitabu viwili vingine, ukavipanga usawa wa macho. Mwezi uliofuata daftari likasema nini? Andika hapo chini, mistari mitano, kwa maneno yako. Ukurasa huo mmoja unanishawishi kuliko mihuri kumi. Hata kama jibu ni kwamba vitabu vya hadithi bado havitoki, liandike hivyo hivyo. Mtu anayejua kitu gani kimekataa kwenye maktaba yake, huyo yumo ndani yake kila siku.

Picha? Ndiyo. Makabati kabla hujayagusa na makabati baada. Lakini nyuso za watoto usiziweke bila ruhusa ya wazazi, kwa maandishi. Piga picha ya mikono ikishika kitabu, au ya migongo, inatosha.

Onyesha pia jinsi ulivyopanga vitabu. Shule nyingi zina mafungu matatu: Kifaransa, hesabu, na “vingine”. Ule mpango wa namba wa Dewey, uliotoka mwaka 1876 na unaotumika mpaka leo duniani, si lazima uujue wote. Chukua namba chache zinazogusa maisha ya hapa: 622 ni uchimbaji wa madini, 669 ni metalurjia, 967.51 ni historia ya Kongo yetu. Mtoto wa Kapata au wa Musonoi akikuta rafu imeandikwa 622, akavuta kitabu kinachoeleza kazi anayoifanya baba yake chini ya ardhi, hapo maktaba imemhusu. Chora ramani ya rafu zako kwa rula kwenye karatasi moja, uitie kwenye jalada. Na kama uliwahi kuyasogeza makabati mbali na ukuta kwa sababu ya mchwa, ukayainua juu ya matofali kabla ya mvua za mwezi wa kumi na moja, liseme. Ni kazi ya utunzaji ile, watu hawaioni mpaka vitabu vimeliwa.

Sasa nifike pale ninapopapenda zaidi, mniwie radhi nikirefusha. Jalada la mtunza maktaba wa jimbo letu la Lualaba lisifanane na la mtu wa Kinshasa. Hapa kuna historia ambayo haijafika kwenye vitabu vya shule. Wazee waliofanya kazi Gécamines, kampuni ya madini ya Serikali, wako hai, wapo wanaokumbuka vita vya Kolwezi vya mwezi wa tano 1978, wapo wanaokumbuka mgodi wa Kamoto ulipoporomoka mwaka 1990. Wape wanafunzi daftari, wawaulize babu zao, waandike kwa Kiswahili chetu hiki hiki, wewe uyafunge maandishi hayo yawe kitabu cha maktaba. Msiseme Kiswahili cha Katanga si cha kuandikwa. Mwaka 1965 kule Lubumbashi, André Yav, aliyekuwa mfanyakazi wa nyumbani kwa wazungu, aliandika historia ya mji kwa Kiswahili cha mji, kwa niaba ya wenzake waliofanya kazi hiyo. Baadaye mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichapisha, na leo vyuo vikuu vya mbali vinaisoma. Daftari moja la wanafunzi wako, kurasa ishirini, litafungua mazungumzo kwenye usaili zaidi kuliko chochote ulichonacho.

Jambo jingine: jalada hili si la kutafutia kazi tu. Sheria ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka kampuni za migodi zitoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao ya mwaka kwa miradi ya jamii zinazozunguka mgodi, na juu ya hapo kuna cahier des charges, yaani hati za ahadi, ambazo kampuni zinasaini na jamii hizo. Kwenye vikao vya kujadili miradi hiyo kila mtu anakuja na mdomo: huyu anataka kisima, huyu zahanati, huyu barabara, na wote wana haki. Maktaba haitajwi kwa sababu hakuna aliyekuja na karatasi. Wewe nenda kwa chifu au kwa mjumbe wa mtaa wenu na kurasa zako mbili: watoto wangapi walikuja, vitabu gani vilikosekana, rafu ngapi zinatakiwa na fundi seremala anadai faranga ngapi. Hata ukibaki N.U. mwaka mzima mwingine, shule imepata rafu, na jina lako liko chini ya ile hesabu.

Kuhusu lugha, fanya hivi. Muhtasari wa kurasa mbili kwa Kifaransa, maana ofisi za elimu za jimbo (Proved) zinasoma Kifaransa. Maandishi ya wanafunzi yabaki kwa Kiswahili, ila kila moja na mstari mmoja wa kulieleza. Jumla isizidi kurasa kumi na tano. Piga picha kurasa zote siku umeme upo na simu imejaa, zigeuze ziwe PDF moja, ujitumie mwenyewe kwa WhatsApp na umtumie mtu wako mmoja unayemwamini, kwa sababu simu za Kolwezi mnazijua zinavyopotea sokoni. Na mwombe prefe barua ya kuthibitisha kwamba wewe ndiye uliyeishika maktaba, kuanzia tarehe fulani. Mwombe sasa, mkiwa mnaelewana, kabla hajajua unaondoka. Msinitazame hivyo, nawafahamu maprefe.

La mwisho, mdogo wetu aliuliza kama anaweza kuondoka na daftari la kuazimisha, kwa kuwa alilinunua kwa pesa yake. Hapana, mdogo wangu. Limeandikwa majina ya watoto wa shule ile na madeni ya vitabu vyao, kwa hiyo ni la shule. Toa fotokopi ya kurasa mbili au tatu, ufute majina kwa kalamu nyeusi, fotokopi ndiyo uende nayo. Bei ya daftari mdai prefe.