Kwa Nini Viwavi Hawafi Siku ya Kupulizia: Somo Kuhusu Viuatilifu Vinavyozuia Kujivua Ngozi

Chukua mfano wa mkulima wa mahindi wa Kolandoto, mkoani Shinyanga. Ananunua kiuatilifu katika duka la pembejeo, anapulizia shamba jioni, na asubuhi anarudi kukagua. Anakuta viwavi wangali hai, wanatambaa na kula. Anaamini ameuziwa dawa bandia, hivyo anapulizia tena, safari hii kwa kipimo maradufu. Huenda dawa ile ya kwanza haikuwa na kasoro yoyote. Alichokosa mkulima ni maelezo ya namna inavyofanya kazi, nayo ndiyo tunayoyatoa katika somo hili.

Kiwavi na ngozi yake

Viwavijeshi vamizi wana asili ya bara la Amerika, na hapa Tanzania waliripotiwa mwaka 2017. Kiwavi aliyekwisha kukua hutambulika kwa alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne yaliyopangwa kama mraba karibu na mkia.

Ngozi ya nje ya kiwavi ndiyo inayoushikilia mwili wake. Imeimarishwa kwa kitu kiitwacho kaitini, na haikui pamoja na mwili. Kiwavi ni kama mtoto aliyeshonewa sare isiyovutika: mwili ukizidi, hana budi kuivua na kuvaa nyingine. Kwa kawaida kiwavijeshi vamizi hupitia hatua sita za ukuaji, na kila baada ya hatua hujivua ngozi. Wakati wa joto, viwavi wachanga hujivua kila baada ya siku chache, na kipindi chote cha kiwavi huchukua takribani majuma mawili. Kisha hushuka udongoni na kuwa pupa.

Dawa inavyofanya kazi

Viuatilifu vingi huvuruga mishipa ya fahamu, na mdudu hufa upesi. Vile vinavyozuia ukuaji hufuata njia nyingine, navyo vya kuulia viwavi ni vya aina kuu mbili.

Aina ya kwanza, kama lufenuroni na novaluroni, huzuia utengenezaji wa kaitini. Kiwavi hula jani lenye dawa na huendelea kuishi mpaka siku ya kujivua. Hapo ngozi mpya hukosa uimara. Hupasuka, au kiwavi hunasa ndani ya ngozi ya zamani na kufa.

Aina ya pili, kama methoksifenozidi, huiga homoni inayoamrisha kujivua. Kiwavi huanza kujivua kabla ya wakati wake, huacha kula, na hufa bila kukamilisha kazi hiyo.

Kwa sababu hiyo, matokeo ya viuatilifu hivi hupimwa baada ya siku tatu hadi saba, wala si asubuhi inayofuata. Baadhi ya bidhaa huchanganywa na kiambata kingine kinachoua haraka, lebo hueleza.

Mambo ya kuzingatia

1. Pulizia viwavi wakiwa wadogo. Wakubwa hujificha ndani ya majani machanga ya juu, nyuma ya kinyesi chao, ambako dawa haiwafikii kwa urahisi. Isitoshe, wanakuwa wamekwisha kula sehemu kubwa ya mmea.

2. Usiongeze kipimo wala kurudia kabla ya muda ulioelekezwa. Kufanya hivyo ni kupoteza fedha na kuongeza mabaki ya sumu katika chakula.

3. Heshimu muda wa kusubiri kabla ya kuvuna, hasa kwa mahindi mabichi ya kuchoma au kuchemsha. Mlaji hawezi kuyaona mabaki hayo kwa macho.

4. Usioshe bomba la kupulizia katika lambo au mto. Binadamu hana kaitini, lakini kaa na uduvi wanayo, na dawa hizi huweza kuwaangamiza. Hata hivyo, usidhani ni salama kwako: vaa vifaa vya kujikinga.

5. Usitumie aina moja ya dawa msimu hadi msimu. Wadudu hujenga usugu.

6. Kabla ya kulipa, soma lebo: jina la kiambata, namba ya usajili, tarehe ya mwisho wa matumizi na maelekezo. Kiuatilifu halali husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA).

Iwapo siku zilizoelekezwa zimepita na majani mapya yanaendelea kuliwa, usikimbilie kupulizia tena. Tunza chupa, lebo na risiti, kisha muone afisa ugani wa kata yako. Vitu hivyo vitatu ndivyo vitakavyosaidia kubaini kama kosa ni la dawa, la kipimo, au la wakati wa kupulizia.