Tunda kwa Wakati Wake: Somo la Vijana kwa Majira ya Vuli



Masomo ya kusoma kabla ya kuendelea: Kum 26:1-11 na Law 19:9-10.

Kwetu vuli ni mvua fupi, za Oktoba hadi Desemba. Lakini katika vitabu vilivyotafsiriwa kutoka Ulaya, vuli ni majira yanayofuata kiangazi chao: majani yanapukutika na baridi inabisha hodi. Kule ni Septemba hadi Novemba. Afrika Kusini ni Machi hadi Mei. Ni wakati wa kuvuna zabibu, matufaha, maboga na zeituni.

Sasa frateri anahusikaje na habari za matunda? Anahusika sana. Sheria ya Kanisa inadai mkate wa Ekaristi uwe wa ngano tupu, uliotengenezwa karibuni, na divai iwe ya zabibu, isiyoharibika. Pasipo mkulima na majira yake, altare ni tupu.

1. Kikapu cha malimbuko

Katika Kumbukumbu la Torati, Mwisraeli anatia malimbuko kikapuni, anampelekea kuhani, kisha anasimulia jinsi Mungu alivyowatoa utumwani. Angalia vizuri: haambiwi atafute kitu cha kigeni ili Mungu apendezwe. Analeta kilichoota kwenye ardhi aliyopewa. Sikukuu ya Vibanda nayo, siku saba za furaha, iliangukia vuli yao, mavuno yakishaingia ghalani. Na Kanisa la Roma kwa karne nyingi lilifunga Jumatano, Ijumaa na Jumamosi baada ya sikukuu ya Msalaba ya Septemba 14, likishukuru kwa mazao ya majira hayo. Wazee wetu katika imani walijua wanakula nini, kimetoka wapi na lini.

2. Ulafi wa kutotaka kusubiri

Mtakatifu Thomaso wa Akwino, akimfuata Papa Gregori Mkuu, anasema ulafi una sura tano: kula kabla ya wakati, kutaka vya gharama, kula kupita kiasi, kula kwa pupa, na kudai mapishi ya madoido. Jamani, kumbe kujaza sahani ni sura moja tu! Thomaso alizungumzia saa ya kula, lakini mimi naona swali lake linatugusa hata kwenye majira: je, ninaweza kusubiri?

Chukua tufaha, ambalo wengi tunaliita "epo". Mengi yanayouzwa mijini kwetu yanatoka Afrika Kusini, yanakovunwa kuanzia mwishoni mwa Januari hadi Mei hivi. Yale ya miezi ya mwisho wa mwaka yamelazwa kwenye vyumba vya baridi vilivyopunguzwa oksijeni ili yasiive haraka. Kula epo si dhambi, msininukuu vibaya! Lakini Desemba maembe yanaozea chini ya miti, nasi tukienda kumwona mgonjwa tunabeba epo kwa sababu embe "halina hadhi". Hapo tunda limekuwa cheo. Kipaji cha Mungu kilicho mlangoni tumekidharau kwa sababu ni chetu.

3. Esau naye alikula dengu

Ila tusijidanganye. Gregori anakumbusha kwamba Esau aliuza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha kawaida kabisa, dengu. Hapa seminarini maharage ni ya karibu kila siku, na naweza kuyala kwa pupa au kwa manung'uniko. Chakula cha nyumbani peke yake hakimfanyi mtu kuwa mtakatifu. Kinachotakiwa ni kiasi na shukrani.

4. Kona ya shamba

Mambo ya Walawi inaamuru pembe za shamba zisivunwe, na zabibu zilizoanguka zisiokotwe: ni za maskini na mgeni. Sisi wengi hatuna shamba, ila tuna mkono wa kununua. Msimu ukifika bei inaanguka, na hapo ndipo tunazidi kumkomalia mama wa sokoni apunguze. Shilingi mia tunayomng'ang'ania inaweza kuwa daftari la mwanawe. Kona yetu ya shamba ni hiyo: kulipa bei ya haki bila kelele.

Azimio la wiki

Nunua tunda moja la msimu kwa mkulima au mchuuzi wa jirani, bila kulalia bei. Likila na mtu, usile peke yako. Kwenye matoleo Jumapili, peleka kitu kilichoota kwenu, hata fungu la mchicha.

Maswali ya jumuiya: Ni chakula gani cha kwetu ninachokionea aibu, na kwa nini? Ni nani alikilima nilichokula leo?

Tusali: Ee Bwana wa majira yote, utufundishe kusubiri, kushukuru na kugawana. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.