Tusimkimbie Mwenye Kifafa

Muhula uliopita darasa letu lilikwenda Kwihara kulitazama tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Tulipokuwa tukipumzika chini ya miembe, mwenzetu mmoja alipiga ukelele, akaanguka, akakakamaa, kisha akatupatupa mikono na miguu huku povu likimtoka. Mtu akasema, "Msimguse, povu linaambukiza!" Sote tukakimbia. Mimi, ambaye bwenini kitanda changu ki karibu na chake, nilikuwa wa kwanza. Mwalimu peke yake ndiye aliyebaki naye.

Kwa aibu ile nilimwendea mwuguzi wetu, nami napenda wasomaji wajue aliyonifundisha.

Ubongo hufanya kazi kwa nguvu ndogo za umeme. Zikivurugika ghafula, mtu hushikwa. Akishikwa mara kwa mara pasipo homa wala sababu nyingine ya papo hapo, hicho ndicho kifafa. Degedege la mtoto mwenye homa ni jambo jingine.

Namna zake ni nyingi. Kipo cha kuanguka, kama tulichokiona. Kipo ambacho mtoto hukodoa macho sekunde chache tu, asisikie aitwapo. Darasani hudhaniwa mvivu. Tena kipo kinachoanzia sehemu moja ya ubongo, mkono mmoja ukatikisika, na pengine mgonjwa ana fahamu zake.

Sababu mojawapo ni mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Nyingine ni jeraha la kichwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, na tegu wa nguruwe, ambaye watoto wake huweza kuingia ubongoni. Wengine hurithi; wengine sababu haionekani. Si pepo, wala mate hayaambukizi.

Huko Mahenge, Daktari Louise Jilek-Aall, aliyewatibu wenye kifafa miaka ya 1960, aliwakuta wametengwa, wengine wana makovu ya moto. Dawa ikamezwa kila siku, wengi huacha kuanguka. Lakini isiachwe bila shauri la daktari.

Basi mtu akianguka, ondoa vitu vigumu, mwekee nguo laini chini ya kichwa. Usimkandamize, wala usimtie kijiko mdomoni. Akitulia, mlaze ubavu. Zikipita dakika 5 hajatulia, apelekwe hospitali.

Zamani, katika njia hii ya misafara, mpagazi aliyeanguka kwa ugonjwa pengine aliachwa porini. Mwenzetu amerudi darasani, naye humeza vidonge vyake. Nilimwomba radhi. Aliniuliza tu, "Siku nyingine utabaki?" Nikamjibu nitabaki.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne