Jumanne: Maghala Mawili

Soma Mwanzo 41:33–36 na Luka 12:16–21. Yusufu aliweka akiba, na yule tajiri pia aliweka akiba. Kwa nini mmoja alionekana mwenye hekima na mwingine akaitwa mpumbavu?

Mkulima wa Lisekese, Masasi, analijua ghala. Hupeleka korosho kwenye chama chake cha msingi, na baada ya mnada hupokea fedha za msimu. Hana mshahara wa mwezi wala pensheni inayomsubiri. Fedha zikiishia kwenye madeni, bati na pikipiki, atakula nini siku mikono itakaposhindwa kupalilia na kupulizia mikorosho salfa?

Yusufu alitenga sehemu ya tano katika miaka ya shibe, na akiba hiyo ikaokoa wengi. Tajiri alijiwekea mwenyewe, asimkumbuke Mungu wala jirani. Kosa halikuwa ghala, bali moyo.

Basi malipo yakiingia, zaka na sadaka zitangulie (Mithali 3:9). Kisha, kabla ya matumizi, litengwe fungu la uzeeni, hata likiwa dogo. NSSF hupokea michango ya hiari ya waliojiajiri. UTT AMIS huuza vipande vya uwekezaji, ambavyo thamani yake huweza kupanda au kushuka. Kuwaachia watoto mzigo wote na kusema “Bwana atatupa” si imani (2 Wakorintho 12:14).

Swali la kutafakari: Msimu uliopita, fedha zako zilikwenda wapi kwanza? Msimu ujao utatenga fungu gani, na litamsaidia nani zaidi yako?