Kufunga Prosesa na Feni Yake Katika Hewa ya Joto

Mtu anayefunga kompyuta huko Kiwangwa, wilayani Bagamoyo, katika mwezi wa Februari, hufanya kazi katika hewa ambayo mchana yaweza kufikia nyuzi 32 za Sentigredi. Jambo hili si dogo. Feni haiwezi kukifanya kitu kiwe baridi kuliko hewa inayopuliza. Kazi yake ni kulichukua joto na kulitupa nje. Hewa ikiwa moto tangu mwanzo, nafasi ya kukosea hupungua.

Prosesa ya kompyuta ya mezani hutumia wati 65 hivi, na karibu nguvu hiyo yote hugeuka joto. Tuchukue mfano wa kipande cha silikoni chenye eneo la sentimeta mraba 1.5: kila sentimeta mraba hutoa zaidi ya wati 40. Sahani ya jiko la umeme yenye wati 1,500 na kipenyo cha sentimeta 18 hutoa wati 6 tu kwa eneo kama hilo. Prosesa ya Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista 2,300, wala haikuhitaji feni. Za leo zina mabilioni.

Sasa tuingie kazini. Chomoa waya wa umeme, kisha gusa chuma cha kasha ili mwili wako upoteze umeme tuli. Unyevu wa pwani huupunguza umeme huo, lakini usiutegemee: mtu huanza kuuhisi ufikapo volti 3,000 hivi, na chini ya hapo tayari waweza kuiharibu prosesa.

Inua wenzo wa soketi. Linganisha pembetatu ndogo iliyo katika pembe moja ya prosesa na alama iliyo kwenye soketi ya mazabodi, kisha itue prosesa bila kuikandamiza; uzito wake watosha. Katika soketi za Intel za mezani tangu LGA 775 ya mwaka 2004, pini zimo ndani ya soketi; katika AM4 ya AMD ya mwaka 2016, pini 1,331 ziko chini ya prosesa. Popote zilipo, pini moja iliyopinda yaweza kuilaza mashine nzima.

Juu ya prosesa hukaa kipozajoto, yaani kipande cha alumini chenye mapezi. Nyuso hizi mbili, japo laini machoni, zina vishimo vinavyoshika hewa, na alumini hupitisha joto takriban mara 9,000 kuliko hewa. Ndiyo sababu hupakwa pesti ya joto. Wengi hudhani kuwa ikizidi ndiyo bora. Sivyo: pesti huishinda hewa, lakini iko nyuma mno ya alumini, kwa hiyo yatakiwa kujaza vishimo tu. Tone la kadiri ya punje ya choroko hutosha. Ile ya zamani iliyokauka ifutwe kwanza kwa spiriti.

Kaza skrubu kwa mshazari, kila moja kidogo kidogo, ili kipozajoto kisiegemee upande mmoja. Kisha chomeka waya wa feni mahali palipoandikwa CPU_FAN. Pale pana pini nne: mbili za umeme wa volti 12, ya tatu hutoa taarifa ya mwendo, ya nne huurekebisha mwendo huo.

Tufanye hesabu. Kipozajoto kikiongeza nyuzi 0.6 kwa kila wati, wati 65 huleta nyuzi 39. Hewa ya ndani ya kasha ikiwa nyuzi 40, prosesa hufika 79. Pesti ikipakwa vibaya hata ongezeko likawa maradufu, hesabu hufika 118. Lakini prosesa nyingi hujipunguzia kasi zikaribiapo 100, na mwenye mashine hulalamika kuwa imezeeka. Vumbi la njia za mashamba ya mananasi likiziba mapezi huleta hali iyo hiyo. Liondoe kwa brashi huku umeshika feni isizunguke.

Ukiwasha, ingia kwanza katika ukurasa wa BIOS usome nyuzi za prosesa kwa dakika kumi. Zikipanda bila kutulia, zima, ng'oa kipozajoto, na utazame pesti ilivyotandaa.